Mashine ya wembe imenikata mara mbili. Nirudi kwenye plastiki?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 26. Tangu nianze kunyoa ndevu natumia vinyoleo vya plastiki, vile vyenye nyembe tatu au tano kwa pamoja, na shingo yangu haijawahi kutulia: vipele, mwasho, madoa meusi. Rafiki akanishauri nitumie wembe mmoja. Nikanunua mashine ya chuma, ile ya kufungua na kuweka wembe wa makali mawili. Nimenyoa mara tatu. Mashavuni si vibaya, lakini shingoni panawaka kama nimepaka pilipili. Nimejikata kidevuni na kwenye kikoromeo, na upande mmoja wa mashine unauma kuliko mwingine. Naanzia tayani nashuka hadi chini ya shingo, kama nilivyozoea, na narudia mpaka ngozi iwe laini kabisa. Baba ananicheka, anasema mwana akililia wembe mpe. Nirudi kwenye plastiki? Na je, mdogo wangu ambaye ndevu ndiyo zinaanza kumtoka anaweza kutumia mashine hii hii?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usirudi kwenye plastiki, lakini pia usinyoe leo wala kesho. Shingo inayowaka haifundishiki. Iache wiki moja ipoe. Kama ina vipele, iache mpaka viishe, hata kama utaonekana msitu kwa mwezi mzima. Wakati unasubiri, tuzungumze. Barua yako imenijibu kabla sijakuuliza: kuna makosa matatu umeyaandika mwenyewe bila kujua kuwa ni makosa, na la nne hukuliandika ila nalisikia. Hakuna hata moja ambalo ni la mashine.

Nianze na lile jepesi. Unasema upande mmoja unauma kuliko mwingine. Wembe hutoka kiwandani makali yote mawili yakiwa sawa, kwa hiyo upande mmoja ukiuma, mara nyingi wembe umekaa upogo. Mashine nyingi za kufungua zina vipande vitatu: kifuniko, sahani ya chini na mpini. Laza kifuniko chali mezani, shika wembe kwa zile ncha zake fupi zisizo na makali na uuweke juu yake, kisha funika kwa sahani, upande wake uliovimba ukitazama wembe. Watu wengi huigeuza sahani, halafu wanashangaa mashine haikati chochote. Zungusha mpini, lakini kabla hujaukaza, kamata kifuniko kwenye ncha zile fupi ili wembe usihame, ndipo ukaze. Sasa inua mashine usawa wa macho uitazame kwa mbele. Kila upande uone uzi mwembamba wa chuma, na nyuzi hizo mbili zilingane. Usipoona hivyo, legeza uanze upya; usijaribu kuusukuma wembe kwa kidole.

Na ukaze vizuri. Wembe wenyewe una unene wa karibu milimita 0.1 tu, ni kama karatasi. Kifuniko kinaupinda kidogo, na kule kupindwa ndiko kunakoupa ugumu. Ukilegea utatetemeka juu ya ngozi, na wembe unaotetemeka haunyoi, unachanja.

Kosa ambalo hukuliandika ni kukandamiza. Najuaje? Kwa sababu kila anayetoka kwenye plastiki anakandamiza, na si kosa lake. Kinyoleo cha plastiki ni chepesi, usipokisukuma hakifanyi kazi. Kichwa chake kinacheza, kinajilaza chenyewe kufuata taya, na ule msukumo wa mkono wako unagawanywa kwenye nyembe tatu au tano. Kwa miaka yote hiyo mkono wako umejifunza kusukuma, na umejifunza vizuri sana. Mashine ya chuma ni kinyume chake. Kichwa hakichezi, na nguvu yote unayoweka inaishia kwenye makali mamoja. Tena ina uzito wake, na uzito huo unatosha. Kazi ya mkono ni kuiongoza tu.

Basi ishike mbali na kichwa, karibu na mwisho wa mpini, kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kitu ambacho si chako. Ukiikamata kwa kiganja kizima utaisukuma tu, hata ukiapa hutaisukuma. Weka kichwa cha mashine shavuni huku mpini ukitokeza nje kama msumari ulioingia nusu ukutani. Hapo kinachogusa ngozi ni kifuniko peke yake, wembe haufiki. Shusha mpini polepole huku ukivuta mashine kidogo kidogo, mpaka usikie ndevu zinakatika. Simama hapo hapo. Hiyo ndiyo pembe yako, karibu nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Ukiendelea kushusha mpini, makali yanasimama na unaanza kukwangua.

Nimesema usikie, na sikusema kwa bahati mbaya. Zima redio. Mashine hizi huongea: pembe ikiwa sawa unasikia mkwaruzo mdogo mkavu, kama mtu anapiga msasa chumba cha pili. Ukimya maana yake wembe haugusi, au eneo hilo limeshakwisha. Mimi nawafundisha vijana kunyoa shavu moja macho yakiwa kwenye kioo, na shavu la pili masikio yakiwa kazini, na karibu wote la pili hutoka safi zaidi. Kama unaogopa, toa wembe kabisa, hakikisha umetoka, jipake povu na uzungushe mashine tupu uso mzima. Utajiona mjinga kidogo. Hakuna anayekutazama.

Pembe hiyo lazima uilinde mwenyewe kila uso unapopinda, ndiyo maana mikupuo iwe mifupi, sentimita mbili au tatu, kisha unainua na kuanza tena. Mkupuo mrefu wa kutoka sikioni hadi kidevuni unapendeza kwenye matangazo. Na kitu kimoja usikifanye kamwe: usitelezeshe mashine kwa ubavu, yaani kuelekea kule makali yanakolala. Hivyo ndivyo kisu kinavyokata nyanya. Mikato mingi ninayoiona kidevuni, na naamini wako ni mmojawapo, inatoka hapo: mtu alikuwa anafika kona, mkono ukateleza pembeni nusu sentimita tu.

Kabla sijafika shingoni, maji. Ndevu kavu ni ngumu ajabu. Zikikaa kwenye maji dakika mbili au tatu zinayanywa, zinavimba na kulainika, na wembe unahitaji nguvu ndogo zaidi kuzikata. Kwa hiyo nyoa baada ya kuoga, si kabla, au weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu usoni. Ngozi isiwe imekauka unapopaka povu. Sabuni ya kuogea haifai, inakauka upesi na haiachi utelezi. Tafuta krimu au sabuni ya kunyolea. Povu zuri ni zito na linang'aa kama mtindi uliopigwa. Likiwa na mapovu makubwa kama ya kufulia, ongeza sabuni. Likiwa kavu na linasimama kama pamba, ongeza maji. Wanaoanza karibu wote hukosea upande huu wa pili, wanaona povu kavu linapendeza. Brashi inasaidia kuinua ndevu na kulifikisha povu chini yake, lakini vidole vinatosha kwa sasa. Usinunue vitu.

Sasa shingo, na hapa ndipo penye shida yako hasa.

Unashuka kutoka tayani hadi chini. Nani alikuambia ndevu zako zinalala kuelekea chini? Mashavuni ndiyo, kwa watu wengi zinashuka, na ndiyo maana unasema mashavuni si vibaya. Shingoni kila mtu ana yake. Wapo ambao zinashuka mpaka katikati halafu chini ya hapo zinapanda. Wapo ambao zinakwenda upande kuelekea kikoromeo, na wapo wenye kizingia kama kile cha utosini. Ikiwa zako zinapanda, basi tangu siku ya kwanza umekuwa ukizikata kinyume cha ulalo, kwa wembe mpya, kwa mkono unaokandamiza. Nashangaa umejikata mara mbili tu.

Wiki hii ya kupumzika ni nafasi nzuri ya kuchora ramani. Siku ya tatu au ya nne, ndevu zikiwa zimechomoza, simama kwenye mwanga na upitishe ncha ya kidole shingoni: juu, chini, kushoto, kulia. Njia ambayo kidole kinateleza ndiyo ulalo. Njia ambayo kinakwama kama kwenye msasa ni kinyume. Nenda eneo kwa eneo, pana kama sarafu, maana mpaka wa ulalo mmoja na mwingine unaweza kuwa mfupi sana. Chora uso kwenye karatasi na uweke mishale. Utaitumia kwa mwezi, kisha mkono utaikariri.

Na lile kosa la tatu, la kurudia mpaka ngozi iwe laini kabisa, ndilo kubwa kuliko yote. Ungerekebisha hili peke yake, nusu ya barua yako isingekuwepo.

Udevu wa kujikunja, ukikatwa, unabaki na ncha kali iliyochongwa kwa mshazari. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha hiyo inakua ndani kwa ndani na kuchoma ukuta wa kitundu chake. Ukikatwa juu kidogo tu, unaweza kutoka nje, ukajikunja na kurudi kuingia kwenye ngozi jirani. Kwa vyovyote mwili unauona kama mwiba na unaupiga vita. Hicho ndicho kipele cha ndevu, na hayo madoa meusi ni makovu ya vita hivyo. Kinyoleo cha nyembe nyingi kinachochea jambo hili kwa sababu wembe wa kwanza huuvuta udevu nje kidogo, wa pili huukata kabla haujarudi, nao ukirudi unazama chini ya ngozi. Ndiyo ule ulaini unaouona siku ya kwanza. Siku ya tatu unaulipia.

Rafiki yako alisema kweli kuhusu wembe mmoja, lakini wembe mmoja ukirudiwa mara tano mahali pale pale ni sawa na nyembe tano. Kunyoa kwa mashine hii ni kupunguza, si kufuta. Raundi ya kwanza fuata ulalo, uso wote, na ukubali kwamba kivuli kitabaki. Osha uso, paka povu upya, kisha raundi ya pili kata ubavuni mwa ulalo, mashavuni tu. Shingoni ishia raundi moja kwa miezi miwili ya kwanza. Kinyume cha ulalo, kwa ngozi kama uliyoieleza, mimi singekuruhusu hata baadaye. Najua wapo wanaofundisha raundi tatu, ya mwisho kinyume, na wana nyuso kama mayai. Waulize nywele zao zimenyooka au zimejikunja.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiivute ngozi ya shingo ikakakamaa. Ngozi iliyovutwa inautoa udevu nje, unaukata, ukiiachia unazama. Inyooshe tu kiasi cha kuondoa mkunjo. Kwenye kikoromeo, meza mate: kinapanda, na ngozi iliyokuwa juu ya kilima inakaa tambarare kwa nukta chache. Au isogeze ngozi hiyo pembeni kwa kidole, uinyoe ikiwa mbali na mfupa. Juu ya mdomo, vuta mdomo chini ya meno na utumie mikupuo mifupi zaidi kuliko yote. Kidevu na masharubu viache mwisho, maana huko ndevu ni nene na povu linapata muda zaidi wa kuzilainisha.

Tena, hakuna sheria inayosema uso wote unyolewe kwa mashine moja. Wiki mbili za kwanza utakaporudi, nyoa mashavu tu kwa mashine ya chuma. Shingo na kidevu punguza kwa mashine ya umeme ya kupunguzia, uache kama milimita moja. Mashavu yakikaa safi mara nne au tano mfululizo, ingia shingoni. Mimi nilipoanza niliruka hatua hii kwa ubishi wa ujana, nikaenda kwenye harusi na vipande vitatu vya karatasi vimeganda kidevuni. Picha zipo.

Kuhusu wembe wenyewe: hujasema ni wa aina gani wala umeutumia mara ngapi. Mashine hizi zina historia ya kuchekesha. Zilikuwepo kabla, lakini wembe wake ulikuwa mnene na wa kunolewa kila mara. King Camp Gillette, aliyekuwa mchuuzi wa kuzunguka huko Marekani, ndiye aliyeng'ang'ania wazo la wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, na mhandisi William Nickerson ndiye aliyelifanya liwezekane kiwandani. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine 51 na nyembe 168 mwaka mzima. Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Marekani lilikuwa linawagawia askari wake mashine hizo. Ziliitwa za usalama kwa kulinganishwa na ule wembe wa kukunja wa kinyozi, ulio wazi wote. Usalama huo maana yake hutajichinja. Hakuna aliyeahidi kwamba hutajikata.

Faida yako katika historia hiyo ni kwamba umbo la wembe wa makali mawili limebaki lile lile kwa miongo mingi, na wembe wa kampuni karibu yoyote unaingia kwenye mashine yako. Wembe ni uleule, wanasema, lakini ngozi haikubali: makali yanatofautiana sana. Feather wa Japani, kwa mfano, wana sifa ya ukali mno, usianze nao. Nunua pakiti ndogo za aina mbili tatu, tumia aina moja kwa wiki kadhaa kabla ya kuhukumu. Ukibadilisha wembe, sabuni na pembe siku moja, hutajua kipi kilichosaidia.

Badilisha wembe baada ya kunyoa mara tatu hadi tano. Chuma chake ni kigumu kuliko unywele kwa takribani mara 50, na bado unywele unakishinda: mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT walitazama kwa darubini yenye nguvu wakaona makali hayachakai taratibu tu, yanameguka vipande vidogo vidogo pale unywele unapoyapinda pembeni. Wembe uliomeguka unavuta, ukivuta unakandamiza, na tumesharudi mwanzo. Usiufute kwa taulo. Suuza, kung'uta, acha ukauke. Uliochakaa uingize kwenye kopo lenye tundu jembamba, usiutupe wazi kwenye taka, kuna mtu anayezichambua.

Ukimaliza, maji baridi, kisha pitisha kipande cha shabu kilicholowa. Kinafunga mikato midogo, na kina umbea mzuri: kinachoma pale tu ulipokandamiza. Kikichoma shingoni upande wa kushoto, unajua cha kurekebisha kesho. Suuza baada ya dakika moja, paka mafuta mepesi yasiyo na alkoholi wala manukato makali. Mkato unaoendelea kutoka damu ubane kwa kitambaa safi bila kuchungulia kwa dakika kadhaa. Udevu ulioingia ndani usiuchimbe kwa sindano. Na vipele vikitunga usaha, au ukaona vinaacha uvimbe mgumu unaokua, hapo si kazi ya fundi tena, muone daktari wa ngozi.

Mdogo wako: mashine mnaweza kushirikiana, ikioshwa kwa sabuni na brashi na kukaushwa. Wembe hapana, hata mara moja, hata kama mnalala chumba kimoja. Wembe unabeba damu usiyoiona, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kila mmoja awe na wembe wake, na auondoe akimaliza. Ila kama ndevu zake ni zile laini za mwanzo, mwambie asubiri na apunguze kwa mkasi. Huyo baba asimpe wembe hata akiulilia.